Shahada mbili za usalama wa mtandao: muda uokolewe kwenye marudio, si kwenye tasnifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wanafunzi, wazazi na waajiri wengi wanalijadili bila kuwa na picha kamili ya namna linavyoendeshwa. Vyuo vikuu vingi duniani sasa vinampokea kijana aliyemaliza sekondari na kumwahidi kwamba, akisoma mfululizo kwa miaka minne au mitano, atatoka na shahada ya kwanza pamoja na shahada ya uzamili katika usalama wa mtandao. Wapo wanaoipokea ahadi hiyo kwa furaha kwa sababu inafupisha safari, na wapo wanaoibeza wakisema ni njia ya kugawa vyeti viwili kwa mpigo. Nimefanya kazi ya kulinda mifumo ya kompyuta kwa muda mrefu, nimekaa kwenye meza za usaili nikiwahoji wahitimu wa njia hiyo na wa ile ya kusoma uzamili baadaye, na nimesaidia kusimamia tasnifu za baadhi yao. Msimamo wangu ni kwamba masomo ya mfululizo yanaifaa fani hii kuliko fani nyingine nyingi, lakini kwa sharti ambalo halipaswi kulegezwa hata kidogo: muda unaookolewa utokane na kuondoa marudio, usitokane na kupunguza kina cha elimu.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Nchini Marekani mpango wa kawaida ni wa miaka minne ya shahada ya kwanza na mmoja wa uzamili. Shahada ya uzamili huko mara nyingi huwa na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 30 hivi, na mwanafunzi aliyekubaliwa katika mpango wa pamoja huruhusiwa kusoma baadhi ya kozi za uzamili akiwa bado katika mwaka wa tatu au wa nne, kisha kozi hizo, mara nyingi zenye krediti 9 hadi 12, huhesabiwa katika shahada zote mbili. Uingereza wanayo shahada unganishi ya uzamili, inayounganisha ngazi zote mbili katika shahada moja, ambayo huchukua miaka minne England na mitano Scotland. Kwa England, shahada ya kwanza ina krediti 360 na ile unganishi ina krediti 480, ambazo angalau 120 kati yake ni za kiwango cha uzamili. Lakini mtu anayesoma uzamili peke yake baada ya kuhitimu shahada ya kwanza husoma krediti 180. Katika nchi za Ulaya zilizofuata mchakato wa Bologna wa kuoanisha elimu ya juu, ulioanza kwa azimio la mwaka 1999, utaratibu ulioenea ni krediti 180 (za kipimo cha Ulaya, si kile cha England) kwa miaka mitatu na krediti 120 kwa miaka miwili inayofuata. Mwaka 2005 mawaziri wa elimu wa nchi hizo walikubaliana kwamba shahada ya ngazi ya pili kwa kawaida iwe na krediti 90 hadi 120, na kwamba zisizopungua 60 ziwe za ngazi hiyo yenyewe.

Msomaji aziangalie vizuri tarakimu hizo za England, kwa sababu zinasema jambo ambalo matangazo ya vyuo hayalisemi. Jina la uzamili ni lilelile, ila upande mmoja umebeba krediti 120 na upande wa pili 180. Tofauti ya krediti 60 ndiyo, kwa kawaida, uzito wa tasnifu ya uzamili ya huko. Sidai kwamba wanafunzi wa shahada unganishi hawafanyi mradi. Wanafanya, na wengine wanaufanya vizuri sana, ila mradi huo huwekwa ndani ya zile krediti 120, ukigombania muda na kozi nyingine za mwaka huohuo. Vivyo hivyo Marekani: krediti 12 zikihesabiwa mara mbili katika shahada ya krediti 30, mwaka wa mwisho unabaki na 18 tu za elimu mpya. Inaweza kuwa sawa kabisa, na inaweza kuwa hasara kubwa. Inategemea ni nini kilichoachwa.

Kinachostahili kuachwa kinajulikana na kila aliyewahi kupitia uzamili wa kawaida wa usalama wa mtandao. Darasa la uzamili huo hukusanya watu waliotoka kwenye hisabati, uhandisi wa umeme, sheria, uhasibu na jeshi, na ni jambo jema, kwa sababu baadhi ya wataalamu bora niliowahi kufanya nao kazi waliingia katika fani kupitia mlango huo. Lakini mhadhiri mwenye darasa la namna hiyo hana budi kuanza na misingi. Muhula wa kwanza unakwenda kwenye itifaki za intaneti, mifumo endeshi, tofauti ya usimbaji fiche (kuficha ujumbe kwa njia ya hisabati) wa ufunguo mmoja na ule wa funguo mbili, na aina za programu hasidi. Yule aliyetumia miaka mitatu au minne akisoma mambo hayohayo analipa ada kuyasikia tena, na anafika kwenye kozi za juu akiwa amechoka kabla hajajifunza kitu kipya. Chuo kinachomfahamu mwanafunzi wake tangu mwaka wa kwanza, kikajua ni kozi gani alizisoma na kwa mtaala upi, hakihitaji kumrudisha nyuma. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya masomo ya mfululizo, na kwa maoni yangu ndiyo pekee inayotosha kuyahalalisha.

Faida hiyo ina uzito zaidi katika usalama wa mtandao kwa sababu maarifa ya fani hii yamepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka la juu halishikiki bila la chini. Chukua mfano wa udhaifu wa zamani kuliko karibu wote, wa programu kupokea maandishi marefu kuliko nafasi iliyotengewa katika kumbukumbu ya kompyuta. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, ilisambaa kwenye intaneti ya wakati ule, na mojawapo ya njia ilizotumia ilikuwa kuijaza kupita kiasi nafasi ya baiti 512 katika programu ndogo ya huduma, hadi maandishi yaliyozidi yakafika mahali ambapo kompyuta ilihifadhi anwani ya kurudi baada ya kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejifunza lugha ya C anaweza kuelezwa kosa hilo kwa maneno. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyekwisha kusoma namna kichakataji na mfumo endeshi vinavyogawana kumbukumbu, anaweza kuliona kwa macho yake kwenye maabara. Wa mwaka wa tatu anajifunza kinga zilizobuniwa baadaye: alama ya siri inayowekwa kabla ya anwani ya kurudi ili ikivurugwa programu isimame, kuichanganya mipangilio ya kumbukumbu ili mshambuliaji asijue aguse wapi, na kuzuia data isitekelezwe kana kwamba ni msimbo.

Kisha linakuja swali ambalo ndilo la ngazi ya uzamili: kwa nini kinga hizo zote hazikumaliza tatizo? Kuanzia mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mshambuliaji hahitaji kuingiza msimbo wake mwenyewe, kwa kuwa anaweza kuunganisha vipande vidogo vya msimbo uliomo tayari ndani ya programu na kuvifanya vitende anachotaka. Mwaka 2014 udhaifu uliopewa jina la Heartbleed ulionyesha kwamba hata bila kuandika chochote mahali pasipostahili, kusoma tu kupita mpaka kulitosha kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, pamoja na nywila na funguo za siri zilizokuwa humo, na hayo yalitokea ndani ya maktaba ya programu iliyotegemewa kwa ulinzi na sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Kuanzia hapo mwanafunzi anaongozwa kwenye lugha za programu zinazozuia kosa hilo tangu mwanzo, kwenye mbinu za kuthibitisha msimbo kwa hoja za hisabati, na kwenye gharama ya kuandika upya mifumo mikubwa ambayo bado inafanya kazi. Safari hiyo ya kosa moja, kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tano, haiwezi kupangwa vizuri na vyuo viwili visivyowasiliana. Chuo kimoja chenye walimu wanaokaa meza moja kupanga mtaala kinaweza.

Sasa nije kwenye kile kisichopaswa kuguswa, ambacho ni tasnifu. Nimewasikia viongozi wa vyuo wakitetea kuibadilisha kwa ripoti ya mradi wa muhula mmoja au kwa mtihani wa jumla, kwa hoja kwamba waajiri wanataka ujuzi wa mikono. Hoja hiyo inasahau kazi ya utafiti wa usalama ilivyo. Mwanafunzi akigundua udhaifu katika programu inayotumiwa na watu, hana ruhusa ya kimaadili kuukimbiza kwenye karatasi na kuuchapisha. Anapaswa kumjulisha mtengenezaji, kumpa maelezo ya kutosha, kusubiri marekebisho, na ndipo aandike hadharani. Muda uliozoeleka sana, ambao Project Zero, kikosi cha Google cha kutafuta udhaifu katika programu, kimeufuata kwa miaka mingi, ni siku 90. Muhula wa chuo una wiki 14 au 15. Siku 90 ni karibu wiki 13. Maana yake, ili mradi wa muhula mmoja uishe kwa utaratibu wa heshima, mwanafunzi angelazimika kuugundua udhaifu huo katika wiki ya kwanza au ya pili, jambo ambalo hakuna msimamizi wa akili timamu atakayelipanga. Kinachotokea ni kwamba wanafunzi wanakimbilia mada zisizogusa mfumo wowote ulio hai, wanarudia majaribio ya wengine kwa data zilezile za zamani, na wanahitimu uzamili bila kuwahi kubeba jukumu la habari ambayo ikitoka vibaya inaweza kuwaumiza watu.

Kuna pia suala la maadili ambalo halifundishiki kwa mihadhara miwili. Mwezi Aprili 2021 wasimamizi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, wakiongozwa na Greg Kroah-Hartman, walizuia michango yote kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota baada ya kubainika kwamba watafiti wa chuo hicho walikuwa wamewahi kuwatumia kwa makusudi marekebisho yenye kasoro ili kupima kama kasoro hizo zingegunduliwa. Watafiti walitaka kuonyesha hatari iliyopo kweli, na hatari hiyo si ya kupuuzwa. Lakini watu waliokuwa wakikagua marekebisho hayo hawakuombwa ridhaa, walitumia muda wao bila kujua kwamba wao ndio wanaochunguzwa, na mwishowe watafiti waliomba radhi na kuiondoa makala yao katika mkutano wa kitaaluma iliyokuwa imekubaliwa. Kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imeona kwamba kazi hiyo haihusu utafiti juu ya binadamu. Kisa hiki ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa tano akijadili kwa wiki nzima, si kwa ajili ya kuwalaani waliohusika, bali kwa sababu kila tasnifu nzuri katika fani hii hufika mahali pa namna hiyo: kumtumia mfanyakazi ujumbe wa hadaa ili kupima umakini wake, kukusanya data za watu ambao siri zao zimevuja bila wao kujua, kuchunguza seva ya mtu mwingine kutoka mbali. Uamuzi wa hapo unahitaji msimamizi aliye karibu, kamati inayoelewa kompyuta, na muda wa kurudi nyuma pale jibu linapokuwa hapana.

Kuhusu mtaala wa miaka ile ya mwanzo nitasema machache, kwa kuwa kazi kubwa ilishafanywa na wengine. Mwaka 2017 vyama vya kimataifa vya wanataaluma wa kompyuta, ACM na IEEE vikiwa miongoni mwao, vilitoa mwongozo unaoigawa elimu ya usalama wa mtandao katika maeneo manane: data, programu, vijenzi, miunganisho, mifumo, binadamu, taasisi na jamii. Mkusanyo mwingine wa maarifa ya fani ulioandaliwa Uingereza ulikuwa na maeneo 19 ulipotolewa mwaka 2019, na ulifika 21 mwaka 2021. Chuo kisicho na hakika kinaanzia wapi hakina sababu ya kubuni upya. Ninachokisisitiza ni kwamba maeneo ya binadamu, taasisi na jamii yasiachwe hadi mwaka wa mwisho kama mapambo, na kwamba hisabati ya uwezekano, aljebra na nadharia ya namba isipunguzwe ili kuzipisha kozi zenye majina ya kuvutia. Mhitimu asiyejua hisabati hiyo hana namna ya kuyafuata mabadiliko yanayoendelea katika usimbaji fiche.

Mabadiliko hayo yenyewe yanatoa funzo kuhusu masomo ya miaka mitano. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta (inayotumia fizikia ya chembe ndogo kabisa) yenye uwezo wa kutosha ingeweza kuvunja mifumo ya funguo mbili ambayo intaneti imejengwa juu yake, ukiwemo ule wa RSA uliobuniwa mwaka 1977. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza mwaka 2016 kwamba inakaribisha mapendekezo ya mifumo mbadala, na mwezi Agosti 2024 ikachapisha viwango vitatu vya kwanza. Kijana aliyeanza masomo ya pamoja mwaka 2020 aliingia darasani jibu likiwa halijapatikana na akatoka likiwa limekwisha kuwa kiwango rasmi. Kama chuo kilimpangia kozi zake zote tangu siku ya usajili, huenda alihitimu bila kuligusa kabisa jambo hilo. Kwa hiyo mpango mzuri unaifunga miaka ya mwanzo na kuifungua ile ya mwisho: misingi isiyobadilika iwe ya lazima kwa wote, na kozi za uzamili zichaguliwe mwanafunzi anapozikaribia, kutokana na orodha inayohuishwa kila mwaka. Kadhalika mada ya tasnifu isitafutwe mwaka wa tatu kwa ajili ya kujaza fomu.

Wanaopinga masomo ya mfululizo wana hoja moja nzito, na naiheshimu. Wanasema kwamba mtu aliyekaa darasani miaka mitano bila kukatiza anakuja kazini akiwa na shahada ya uzamili na uzoefu wa sifuri, kisha anaomba nafasi ya juu kwa sababu ya cheti, huku kazi zinazomfaa ni za kuanzia. Hili nimeliona katika usaili zaidi ya nilivyotaka kuliona. Mwombaji anaweza kueleza kwa ufasaha jinsi shambulio la WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, la tarehe 12 Mei 2017 lilivyotumia udhaifu katika itifaki ya kushirikiana mafaili, lakini akiulizwa kwa nini mashine nyingi zilikuwa bado wazi ilhali Microsoft ilishatoa sasisho tarehe 14 Machi, yaani miezi miwili kabla, anajibu kwamba watu walizembea. Aliyewahi kufanya kazi hospitalini au kiwandani anajua kwamba jibu halijaishia hapo. Kuna mashine ya uchunguzi ambayo mtengenezaji wake hataki iguswe, kuna mfumo wa malipo usioweza kuzimwa katikati ya mwezi, kuna orodha ya vifaa isiyojulikana iko kwa nani. Mwaka huohuo Equifax, kampuni ya Marekani ya kumbukumbu za mikopo ya watu, ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia udhaifu ambao sasisho lake lilikuwa limetolewa mwezi Machi. Ndani ya kampuni agizo la kusasisha lilitolewa, ila mfumo ulioathirika haukubainishwa. Mambo kama hayo hujifunzwa kwa kukaa katikati ya watu wanaoyapigania kila siku.

Hata hivyo dawa ya tatizo hilo si kuvunja mfululizo, bali ni kuweka kazi ndani yake. Naunga mkono mafunzo kazini ya miezi isiyopungua sita kati ya shahada ya kwanza na kozi za uzamili, yenye mkataba, msimamizi wa kazini anayejulikana kwa chuo, na malipo yanayomwezesha kijana kuishi. Mwanafunzi anayetoka kwenye kituo cha ufuatiliaji wa matukio, alikopokea tahadhari usiku na kujifunza kutofautisha moshi na moto, hurudi darasani na maswali tofauti kabisa, na mara nyingi hurudi na mada ya tasnifu. Nawaomba waajiri pia wasijidanganye: cheti cha kitaalamu cha usalama wa habari kiitwacho CISSP, ambacho baadhi ya matangazo ya kazi hukidai hata kwa wanaoanza, kinataka uzoefu wa miaka mitano ya kazi, na shahada inayokubalika hupunguza mwaka mmoja tu. Kumtaka mhitimu wa juzi awe nacho ni kutaka kisichowezekana, na kunawasukuma vijana kwenye mitihani ya haraka inayopima kumbukumbu.

Kuhusu vyeti hivyo vya kitaalamu, vipo vyuo vinavyoviingiza ndani ya mtaala wa uzamili na kuvipa krediti. Vina nafasi yake kazini, na nimewahi kuwashauri wenzangu kadhaa wavisome, lakini kozi iliyojengwa kuzunguka bidhaa ya kampuni moja haipaswi kukalia kiti cha kozi ya chuo kikuu. Bidhaa hubadilika, lakini kanuni za ubunifu wa mifumo salama ambazo Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliziandika mwaka 1975, kama ile ya kumpa kila mtumiaji na kila programu mamlaka ya chini kabisa yanayotosha kazi yake, bado ndizo tunazozivunja na kuzijutia.

Sasa niwageukie wazazi na wanafunzi, kwa sababu wao ndio wanaosaini. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kujiunga ni lini shahada ya kwanza inatolewa. Katika baadhi ya mipango hutolewa mara tu masharti yake yanapotimia, na mwanafunzi anaendelea na uzamili akiwa tayari ni mhitimu. Katika mingine shahada zote mbili hutolewa pamoja mwishoni, au shahada unganishi ni moja tu na haina cheti cha katikati isipokuwa mwanafunzi akijitoa rasmi. Kijana akiugua, akifiwa na anayemlipia, au akipata kazi nzuri mwaka wa nne, tofauti hiyo inaamua kama ana shahada mkononi au hana. Linafuata suala la fedha: mwaka ule wa mpito unalipiwa ada ya shahada ya kwanza au ya uzamili, na mkopo au ufadhili alionao unauhesabu vipi? Upo ufadhili mwingi unaolipia ngazi moja tu, na mwanafunzi anayebadilishiwa hadhi katikati ya masomo anaweza kujikuta nje ya masharti bila kukosea lolote. Mpango wa ufadhili wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa fani hii umelifikiria jambo hilo vizuri: unagharimia ngazi za shahada ya kwanza na za juu, na mhitimu hulipa kwa kufanya kazi katika sekta ya umma kwa muda unaolingana na ule aliofadhiliwa.

Umri nao ni wa kuzingatiwa. Kumfunga kijana wa miaka 18 katika ahadi ya uzamili wa fani ambayo hajaionja si kumtendea haki. Napendelea utaratibu wa vyuo vinavyowaruhusu wanafunzi kuomba nafasi ya mfululizo baada ya mwaka wa pili au wa tatu, kwa kuangalia matokeo yao na mazungumzo na walimu, huku mlango wa kutoka na shahada ya kwanza iliyo kamili ukiachwa wazi bila fedheha. Wapo watakaogundua kwamba wanapenda zaidi kutengeneza programu, na watakuwa watengenezaji bora kwa kuwa wamesoma usalama. Wapo watakaotaka kufanya kazi miaka kadhaa kwanza na kurudi kusoma uzamili mahali pengine. Wote hao si walioshindwa.

Nahitimisha kwa maombi mahususi. Kila chuo kinachotangaza shahada hizi kichapishe, katika tangazo lenyewe na si katika kijitabu kinachotolewa baada ya usajili, idadi ya krediti zinazohesabiwa mara mbili, idadi ya krediti zilizo za kiwango cha uzamili kwelikweli, muda uliotengwa kwa tasnifu pekee bila kozi nyingine, na majina ya walimu wenye sifa ya kuisimamia. Mamlaka zinazoidhinisha mitaala zisitoe kibali kwa mpango ambao tasnifu yake ni fupi kuliko miezi sita, na zihakikishe kamati ya maadili ya chuo ina angalau mjumbe mmoja anayeielewa fani. Nao waajiri, wanapompata mwombaji wa njia hii, waiombe tasnifu yake na waisome kabla ya usaili. Kurasa zake za mbinu na matokeo zitawaambia kama ule mwaka wa tano ulitumika.

Wako katika ujenzi wa taaluma,
Mhandisi wa usalama wa mifumo